Picha Niliyoifunika

Mwezi uliopita Bi Tausi alibisha hodi mlangoni kwangu, baada ya miaka arobaini na ushei, na neno lake la kwanza baada ya salamu lilikuwa kuniuliza kama bado napenda sinema. Alikuwa amekuja kwa basi kutoka Tabora, amepanga chumba Kaloleni hapa Arusha, na alikuwa ameuliza watu sokoni siku tatu mpaka akaelekezwa kwangu. Nilimpigia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akakaa kwenye kigoda changu cha jikoni kana kwamba alikiacha jana tu. Halafu ndipo akauliza, “Bado wapenda picha, Eliamani?” Nilicheka, na kicheko hakijaisha mdomoni ikabidi niweke chini sufuria niliyokuwa nimeishika. Katika maisha yangu sijapata kukipenda kitu kama nilivyozipenda picha zile, wala sijapata kuogopa kitu kama nilivyoziogopa, na yote mawili yalinipata ndani ya mwaka mmoja.

Ulikuwa mwaka wa kabla ya vita vya Mdachi na Mwingereza. Wazazi na mababu nitawaacha wapumzike. Anayewataka akawaulize wazee wa Nkoaranga walikozikwa. Mimi nianzie katika chumba cha Bi Tausi. Kilikuwa cha udongo, kimeezekwa kwa madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa, karibu na mto Naura, upande ambao siku hizi ndio Kaloleni. Mumewe, Ombasha Feruzi, alikuwa askari wa boma la Wadachi, na sare yake ilining'inia kwenye msumari juu ya kitanda, hata asipokuwepo ikawa kama yupo. Mimi nililala nyuma ya pazia la magunia. Nilikuwa msichana niliyeshuka kutoka mlima Meru kutafuta kazi, na kazi niliyoipata ilikuwa kumtwangia Bi Tausi mchele wa vitumbua na kuvipeleka sokoni katika ungo. Kiswahili nilijifunzia pale kwenye kikaango chake. Alikuwa mtu wa Pangani, kila nilipokosea alinirudisha nyuma kama mwalimu, na nilipopatia alinipa kitumbua kilichoungua.

Picha zililetwa na Mgiriki mmoja mnene, mwenye masharubu ya rangi ya kutu, aliyekuja na gari la ng'ombe kutoka Moshi, ambako reli ilikuwa imeishia. Mwaka ule alikuja mara nne. Mhindi mmoja alimpa stoo yake ya ngozi, basi Jumapili baada ya ibada madirisha yalizibwa kwa mablanketi, kitambaa cha marekani kikapigiliwa ukutani, na ndani kukawa giza la mchana, lenye harufu ya ngozi mbichi na ya taa ya kabaidi. Wazungu walikaa nyuma kwenye viti juu ya mbao, mashine ikiwa imeinuliwa nyuma yao. Wahindi na wasimamizi wa mashamba walikaa katikati kwenye mabenchi. Sisi tulikaa mbele chini kwenye sakafu, karibu na kitambaa kiasi kwamba ukinyoosha mkono unakigusa. Watu walitupa pole kwa kukaa pale. Mimi nisingebadilishana na bwana mkubwa wa boma, maana kutoka pale niliona mpaka kucha za watu.

Tuliporudi nyumbani tulibishana wiki nzima ni picha ipi bora. Bi Tausi alipenda ile ya mwanamke aliyekuwa akikanda unga wa mkate huku paka akimwibia samaki nyuma yake. Alisema yule mwanamke anakanda vibaya na ameibiwa haki yake. Ombasha alipenda ile ya watu wazima waliokuwa wakiteleza juu ya maji yaliyoganda, wamevaa visu miguuni, wakianguka mmoja baada ya mwingine. Mimi yangu ilikuwa ya moto. Nyumba ndefu ya ghorofa ilikuwa ikiwaka, moshi umefunika barabara, na juu kabisa dirishani alikuwepo mwanamke mwenye nywele zilizofumuka, ananyoosha mikono. Watu wakaleta ngazi. Ngazi ikainuliwa, ikafika chini kidogo ya dirisha, na hapohapo utepe ukakatika, kitambaa kikabaki cheupe. Mgiriki alisema kipande cha mwisho kiliungua njiani, lakini ameagiza kingine Ulaya, kitakuja. Bi Tausi aliona ni upuuzi kupenda picha isiyo na mwisho. Mimi nilitwanga mchele nikimfikiria yule mwanamke, nikala nikimfikiria, na kila gari la ng'ombe lilipoonekana barabara ya Moshi niliacha ungo nikaenda kutazama.

Wakati huohuo nilikuwa na kaka aliyekufa ambaye hajafa. Masika ya mwaka ule kaka yangu Sangito alikamatiwa kazi ya lazima ya kipande katika shamba la mlowezi mmoja kule Usa, na huko msimamizi alimpiga kiboko mzee mmoja wa kwetu aliyeshindwa kuinua gunia. Sangito alimvunja yule msimamizi mkono kwa mpini wa jembe, akakimbilia mlimani. Zama zile kosa kama hilo lilikuwa na bei inayojulikana: hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, hadharani, kisha mnyororo wa shingoni, na msimamizi mwenyewe aliapa kwamba safari hii haridhiki bila kamba. Mshili wetu, yaani mkubwa wa ukoo, akaenda bomani akasema kijana amechukuliwa na mto akivuka usiku, na kwamba blanketi na fimbo yake vimekutwa kwenye mawe. Ili uongo usimame ilibidi tuulilie. Ukoo mzima tulinyoa nywele. Mama alilia mpaka sauti ikakauka, na nadhani alilia kweli. Askari wawili walitumwa kuja kuhakikisha, na mmoja wao alikuwa Ombasha Feruzi. Alilitazama blanketi, akala machalari ya msibani, ndizi zetu za nyama, akaniona mimi na kichwa changu kitupu, akanipa pole. Niliipokea. Siku ile yote Sangito alikuwa darini kwa shangazi yangu, juu ya mahindi, anakula loshoro, mahindi yetu ya maziwa mgando. Tangu hapo nikawa nalala chini ya paa moja na mtu ambaye, kama angejua, ingekuwa kazi yake kutufunga.

Sasa lifuatalo ni kosa langu, na sitalipunguza. Mara ya pili Mgiriki alipokuja, nilipitisha ungo wa vitumbua akanunua vinne, na mimi kwa kiherehere changu nikamuuliza kwa nini picha zake zote ni za kwao, hakuna hata moja yenye mgomba. Akaniuliza kwetu wapi. Nikamwambia Nkoaranga. Nikaanza kusifu: migomba inavyoshuka mpaka mtoni, mlima ulivyokaa juu yake, ukungu unavyofunguka asubuhi. Nilisema mengi maana ilikuwa mara ya kwanza mtu mwenye picha kunisikiliza. Alitoa karatasi mfukoni akaandika jina la kwetu, nikaondoka nikiwa nimevimba kichwa kwa majivuno.

Baada ya majuma machache nilipanda nyumbani kupeleka chumvi na sabuni. Nilipokaribia nilisikia watu wakiitana kutoka kihamba kimoja cha migomba hadi kingine, na njia nzima wanaume walikuwa wakikimbia kuelekea upande wa chini wa mashamba yetu. Mzungu amekuja na mashine ya miguu mitatu, waliniambia. Msomaji wa leo atacheka, lakini kwetu mashine ya miguu mitatu haikuwa kitu cha kuchekesha. Miaka michache kabla yake wapimaji walikuja na moja ya namna hiyo, wakafumba jicho moja wakachungulia, wakaandika, wakaondoka. Mavuno yaliyofuata mashamba yetu ya tambarare yalikuwa na mwenyewe mwingine. Hakuna aliyepigana, hakuna aliyeulizwa. Watu wakahitimisha kwamba mashine ile huchungulia ardhi, na isipoona mwenyewe inaandika kuwa ni tupu. Kwa hiyo mshili alikuwa ametoa amri: kila mwanaume asimame kwenye masale yake. Masale ni mmea wetu wa mpaka, majani marefu kama mikuki. Ndio unaosema hapa ni kwa fulani, na ndio huohuo unaopeleka kwa mtu unapomwomba msamaha. Palipo na masale na mtu, hata Mdachi hana la kusema, hivyo ndivyo walivyoamini.

Na Sangito alikuwa na masale yake. Sehemu yake ilikuwa ya mwisho kabisa, mkono wa kulia, karibu na mfereji. Kama hapo pangekosekana mtu, mashine ingepaona patupu, na kutoka hapo patupu ingeingia kwenye mashamba mengine. Basi marehemu alishuka darini, mchana kweupe, akasimama kwenye mstari pamoja na walio hai. Hakuna aliyemzuia. Mzungu mwenyewe si wa boma, walisema, na mashine hii inatazama udongo, haitazami sura za watu.

Nilifika nikasimama nyuma ya umati wa wanawake, na kabla sijaona chochote nikasikia mlio. Ulikuwa mlio mdogo wa kukereza, kama cherehani, unaokwenda bila kupumzika. Nilikuwa nimeusikia Jumapili zile zote nyuma ya kichwa changu katika stoo ya ngozi. Nilisukuma watu nikapenya, nikamwona Mgiriki ameinama nyuma ya sanduku lake, mkono wa kulia unazungusha mpini. Wapimaji hawakuwa na mpini. Alinitambua, akatabasamu bila kuacha kuzungusha, akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuvunjika kwamba nilisema kweli, Nkoaranga pazuri. Sanduku lilikuwa likigeuka taratibu kutoka kushoto kwenda kulia, linapita mtu baada ya mtu, nami nikamtupia Sangito mkono: lala chini, ondoka, jifiche. Aliniona. Hatukuwa tumeonana tangu msiba wake. Alidhani namsalimu.

Jioni nilijaribu kuwaeleza wazee. Niliwaambia lile sanduku halikupima shamba, limewachukua wao, na litawatoa upya huko Arusha mbele ya bwana mkubwa. Mshili aliniuliza kama picha inaweza kutaja jina la mtu. Nikamjibu haitaji jina, inaonyesha. “Anayeonyesha bila kusema si shahidi,” akasema mshili, na wengine wakaitikia kwa kichwa. Ni Sangito peke yake aliyenifuata nje. Aliuliza kama kweli ataonekana akitembea na kupumua. Nilimwambia kweli. Akasema basi yule msimamizi hatahitaji shahidi.

Mgiriki alikwisha ondoka. Picha, aliniambia wakati anafunga mizigo, lazima ziende Ulaya zikaoshwe, zitarudi kabla ya Krismasi, na siku hiyo Arusha nzima itaalikwa, na walowezi wa Usa na wasimamizi wao. Hapo ndipo kungoja kulipoanza, na nikagundua kwamba hofu ina tabia ya kula pamoja nawe. Nilikuwa nikishika tonge natazama sare ya Ombasha msumarini, nalirudisha tonge sahanini. Aliposema jambo lolote la bomani niliinuka kwenda kuchota maji kabla hajalimaliza. Sangito angeweza kukimbilia mbali, kwa Waarusha upande wa machweo au kwa Wamasai, na alitaka kwenda. Lakini hata angehamia mwezini, uongo ungebaki hapa na watu wa kuulipia: mshili aliyeapa, baba aliyezika blanketi, na sisi wote tuliotembea na vichwa vitupu mbele ya askari. Sokoni mtu wa Mhindi alipiga debe akitangaza picha zitakazokuja. Kuna mtu anayezama chini ya bahari amevaa kichwa cha chuma. Kuna ule moto, safari hii mpaka mwisho. Na kuna Wameru migombani kwao. Watu walipiga vigelegele. Nilikuwa nimesubiri mwaka mzima kujua kama yule mwanamke atashuka dirishani, na sasa nikaomba kila usiku gari la Mgiriki litumbukie mtoni na kila kilichomo.

Nilikonda mpaka Bi Tausi akanishuku mimba. Alifunga mlango mchana mmoja, Ombasha yuko zamu, akanitaka nimtaje mwanaume. Nikamtaja Sangito. Nikamweleza yote, na nilipomaliza nikaelewa kwamba nimeyaweka maisha ya ukoo mzima mikononi mwa mke wa askari. Alichokonoa moto. Kisha akasema, “Mimi nimeolewa na Feruzi, sikuolewa na boma.” Akaniuliza Sangito alikuwa amesimama wapi.

Alichofanya baada ya hapo sijapata kukiona kwa mtu mwingine. Alitundika kipande cha marekani ukutani, akafunga dirisha, akawasha kandili, akaniambia nisimame katikati. Kivuli changu kikajaa ukuta kama jitu. Akaniambia nisogee ukutani. Kadiri nilivyosogea kivuli kilipungua, mpaka nilipoukaribia kitambaa kikawa saizi yangu mwenyewe. Tulifanya hivyo majuma kadhaa, mchana, mlango umefungwa na vitumbua vikipoa. Watu waliopigwa picha kwa mbali, tulikumbuka, kitambaani huwa wakubwa kama mtu wa kweli. Kwa hiyo mtu mmoja aliyekaa chini mbele, mwisho wa mkono wa kulia, akisimama kwa wakati wake, anaweza kumfunika mtu mmoja. Bi Tausi aliita kama shaushi wa gwaride: simama, kaa, nyanyua mikono, polepole, pumua mara kumi, usitazame kandili. Nilimuuliza nitasema nini wakinikamata. Akanijibu kwamba Wadachi wote wanaamini sisi tunaziogopa picha. “Wewe fanya ushamba tu, mwanangu. Ushamba hauulizwi swali.” Iliniuma. Mimi niliyejua picha zote za Mgiriki kwa mpangilio wake, mimi niliyewatuliza wengine sura za kwanza zilipotokea kitambaani wakadhani ni mashetani, nijifanye mshamba. Usiku wa kuamkia Jumapili ile niliweka nadhiri. Nilimwambia Mungu kwamba tukipona, sitauliza tena habari ya picha yoyote, hata ile ya moto. Sikuwa na kingine nilichokipenda cha kumtolea. Nilimwambia Bi Tausi naye, asije akaniponza kwa mdomo wake.

Stoo ilifurika. Bwana mkubwa wa boma alikaa nyuma na mkewe, na kwenye benchi la pili, mkono umepinda kwenye kiwiko kama tawi lililovunjika likaunga vibaya, alikaa yule msimamizi. Watu wa ukoo wetu tulikuwa tumewakataza wasije, lakini Wameru wengine walikuwa wamejaa, wamevaa vizuri, wamekuja kujiona. Nilikaa mwisho wa mkono wa kulia, nimevaa shuka jeupe la Bi Tausi, naye akakaa pembeni yangu. Taa ikawaka. Mtu wa kichwa cha chuma alizama na kuibuka, nami sikumwona. Kisha mlima wetu ukatokea, na ukungu wake, na watu wakapiga kelele za furaha ambazo hazijanitoka masikioni mpaka leo.

Kile ambacho mimi na Bi Tausi hatukukifikiria ni kwamba watu watataja majina. Picha ilianza kushoto, ikaja kulia taratibu, na kila mtu aliyesimama kwenye masale yake alipotokea sakafu nzima ilimwita. Huyo baba Ndelio! Huyo yule fundi wa nyuki! Walicheka, wakapigana makofi, wakamwita anayefuata, na jina baada ya jina yakawa yanakuja upande wangu. Mshili alikuwa amesema picha haitaji jina la mtu. Nyuma yangu mwanamke mmoja wa sokoni, aliyemjua Sangito tangu utotoni, alivuta pumzi ili aseme, nikamsikia anavyoivuta. Sikusubiri kuona. Niliruka nikasimama mgongo kwenye kitambaa, nikanyoosha mikono, nikapiga ukelele. Wengi walisema baadaye nilikuwa mwigizaji mzuri. Sikuwa naigiza kitu. Mwanga wa kabaidi ulinipiga usoni, sikuona tena mtu, nilisikia tu mlio wa mpini, na Wazungu wakianza kucheka nyuma kule, kwanza mmoja, halafu wote. Nilijihesabia pumzi. Ya sita, Mgiriki alikuwa bado anazungusha. Ya tisa, mkono wa Ombasha Feruzi ukanikamata begani, akanikokota nje kwenye jua, akaniketisha juu ya rundo la ngozi, akaniambia kwa upole kabisa kwamba zile ni picha tu, haziumi.

Nikakaa pale nje, nikasikia watu ndani wakishusha pumzi kwa pamoja, kisha wakashangilia. Ulikuwa ule moto. Mwisho wake ulikuwa umekuja kutoka Ulaya, ukapita ukutani mimi nikiwa hatua kumi kutoka mlangoni. Bi Tausi alipotoka macho yake yalikuwa mekundu, akafungua mdomo, nikauziba kwa kiganja changu.

Hakuna aliyekuja Nkoaranga. Msimamizi alirudi Usa akicheka kama wengine, na bomani walisimulia miezi mingi habari za mwanamke mshenzi aliyetaka kuikumbatia picha. Mgiriki alinipiga marufuku stoo ile. Hakupata nafasi ya kurudi; mwaka uliofuata vita vikaja, na vita vikafanya kile ambacho boma halikufanya. Wapagazi walikamatwa njiani, na Sangito, aliyekuwa ameanza kutembea mchana kwa kuwa hakuna tena aliyejali kesi za zamani, alifungiwa mzigo akapelekwa kusini. Hakurudi. Safari hii hata blanketi halikupatikana. Nilipotaka tunyoe, wazee walikataa. Nywele hazinyolewi mara mbili kwa mtu mmoja, walisema, huyu alikwisha liliwa. Bi Tausi naye aliondoka na mumewe wakati Wadachi wanarudi nyuma, na nadhiri yangu ikaondoka naye, imefungwa mdomoni mwake. Mimi nikaitunza upande wangu. Sinema ilipofunguliwa mjini nilipita nje ya mlango wake miaka yote bila kuuliza kuna nini leo.

Basi mwezi uliopita, jikoni kwangu, nilimpakulia loshoro, akala taratibu kwa meno machache aliyobakiwa nayo. Alisema Feruzi alizikwa Tabora, na yeye hakuja Arusha kutembea. “Nadhiri yako nimeibeba mpaka imenichosha,” akasema. “Nikifa nayo, nani atakwambia?” Sikumzuia.

“Yule mama wa dirishani alishuka,” akasema. “Walimshusha kwa shuka, akaja kukaa njiani anakohoa.” Nikaitikia kwa kichwa, nikashangaa jinsi machozi yalivyokuwa karibu kwa ajili ya mtu nisiyemjua. Akafuta kijiko. “Na kaka yako nilimwona. Ulipokiziba kile kitambaa hakupotea, alikuja juu yako. Shuka lako lilikuwa jeupe. Kwa watu wa nyuma alikuwa mikunjo tu, sura haikueleweka, lakini mimi nilikuwa chini ya miguu yako. Uso wake ulikaa hapa.” Alininyooshea kidole kifuani. “Alikuwa anacheka. Kisha akanyanyua mkono.”

Nilimsindikiza mpaka Kaloleni, nikarudi kwa miguu. Asubuhi yake nilichukua wembe na beseni, nikakaa uani, nikanyoa nywele zangu zote nyeupe mpaka kichwa kikabaki kitupu. Mjukuu wangu alitoka ndani akasimama ananitazama, akaniuliza nani amefariki. Nikamwambia kaka yangu. Akauliza lini, maana hakuwa amesikia msiba.

Nikamwambia jana.